Nebula Hafifu Juu ya Wasini: Mwongozo wa Kupiga Picha Msimu wa Kaskazi

Ukitaka kupiga picha ya nebula hafifu ya sayari ukiwa Wasini, kisiwa cha pwani ya kusini ya Kenya, usianze kwa kuuliza ununue darubini ya ukubwa gani. Jiulize kwanza utaweza kukusanya saa ngapi za giza juu ya nebula moja, kwa rangi zipi, na kama lenzi yako itabaki kavu muda wote huo. Hoja ya mwongozo huu ni kwamba kisiwa hiki, kwa mahali kilipo na kwa msimu wake wa kaskazi, kinampa mwenye darubini ndogo nafasi ambayo wapigapicha wengi wa Ulaya hawaipati. Nafasi hiyo huharibiwa na unyevu na pupa mara nyingi zaidi kuliko inavyoharibiwa na udogo wa kioo.

Nebula hizi hazihusiani na sayari. William Herschel alizipa jina hilo katika miaka ya 1780 kwa kuwa kwenye darubini yake zilionekana kama visahani vya mviringo. Kwa kweli ni mabaki ya nyota za wastani, zenye uzito wa kati ya mara 0.8 na mara 8 ya Jua, ambazo zikizeeka hutupa tabaka zao za nje angani. Kiini kinachobaki kina joto kali, na miale yake ya urujuanimno huifanya gesi iwake. Gesi hiyo hutanuka kwa kilomita 20 hadi 30 hivi kila sekunde, na baada ya maelfu ya miaka huwa imetawanyika mno kiasi cha kumezwa na mwanga wa anga lenyewe. Nyingi ya zile tunazoziita hafifu ndizo zilizofika ukingoni mwa maisha yao. Mwaka 1864 William Huggins aliipitisha nuru ya nebula NGC 6543 kwenye kipimaspektra, akakuta haikutandaa katika rangi zote kama nuru ya nyota, bali imejikusanya katika mistari michache. Mstari wenye nguvu zaidi uliwashinda wataalamu kuueleza hadi mwaka 1927, Ira Bowen alipoonyesha kwamba unatoka kwa oksijeni iliyopoteza elektroni mbili, katika gesi nyembamba mno. Mstari huo uko kwenye nanomita 500.7, na mwenzake hafifu kwenye 495.9. Ule mwekundu wa hidrojeni uko kwenye 656.3. Mbinu zote za kupiga picha hizi zinasimama juu ya ugunduzi huo.

Fikiria maana yake. Mwanga unaochafua anga, uwe wa mwezi, wa hoteli za Diani upande wa kaskazini au wa hewa yenyewe, umetandaa katika sehemu kubwa ya rangi zinazoonekana, upana wa nanomita 300 hivi. Filta yenye upana wa nanomita 7 hupitisha kama sehemu moja tu kati ya arobaini ya mwanga huo, lakini hupitisha karibu nuru yote ya mstari wa nebula. Hakuna darubini unayoweza kuinunua itakayokupa faida ya namna hiyo kwa bei ya filta. Wengine watakushauri ukanunue filta nyembamba kabisa, ya nanomita 3. Kwa oksijeni shauri hilo ni jema. Kwa upande wa nyekundu, fikiri kwanza: naitrojeni ina mstari wake kwenye nanomita 658.4, jirani kabisa na hidrojeni, na katika nebula zilizozeeka mara nyingi huo ndio unaochora kingo. Filta ya nanomita 3 huukata, ile ya 6 au 7 huuchukua. Kwa nebula hizi, basi, ghali zaidi si lazima iwe bora zaidi.

Kama una kamera ya rangi, filta moja inayopitisha hidrojeni na oksijeni kwa pamoja ndiyo ninayoipendekeza kwa Wasini, ingawa wapenda ukamilifu hupendelea kamera isiyo na rangi na filta mbalimbali. Mawingu madogo ya baharini huja na kupita, na usiku uliopangwa kuwa nusu hidrojeni nusu oksijeni unaweza kuishia na nusu moja tu. Kwa filta ya pamoja, kila dakika ya anga wazi inaingia katika hesabu ya rangi zote mbili. Tena katika kila pikseli nne za kamera ya rangi, mbili ni za kijani, moja ya buluu na moja nyekundu. Nuru ya oksijeni, iliyo kati ya kijani na buluu, huangukia tatu kati ya hizo nne. Katika nebula za sayari oksijeni ndiyo kawaida yenye mengi ya kuonyesha, hivyo mpangilio huo unatufaa.

Sasa mahali. Wasini iko takriban nyuzi 4 na dakika 40 kusini mwa ikweta, na kwa hiyo karibu anga lote, la kaskazini na la kusini, hupita juu yake. Nebula ya Helix, NGC 7293 katika kundinyota la Ndoo, ikitazamwa kutoka London haifiki nyuzi 18 juu ya upeo wa macho. Wasini hupanda hadi karibu nyuzi 74. NGC 5189, ambayo London haichomozi kamwe, hapa hufika karibu nyuzi 29. Kimo hiki kina thamani kubwa, kwa sababu kitu kilicho nyuzi 30 juu ya upeo hutazamwa kupitia hewa mara mbili ya ile ya utosini, na hewa ya Pwani imejaa mvuke na chumvi. Ukaribu na ikweta umewahi kuifanya pwani hii ichaguliwe kwa unajimu wa namna nyingine pia: tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kuchunguza anga kwa miale ya eksirei, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi.

Ikweta peke yake haitoshi bila anga wazi, na hapa ndipo kalenda ya pepo inapoingia. Masika hufunga anga kuanzia mwishoni mwa Machi. Kusi huvuma kwa nguvu katikati ya mwaka, bahari ikachafuka na darubini ikatikisika. Vuli huleta mvua kuanzia Oktoba au Novemba. Miezi mikavu zaidi ni Januari na Februari, kaskazi ikiwa imetulia. Katika miezi hiyo, kati ya saa 3 usiku na saa 9 usiku, utosini hupita kundi la nebula ambazo mtu wa darubini ndogo angezichagua hata kama angepewa anga zima achague. Abell 21, iitwayo Medusa, katika Mapacha, hufika nyuzi 72. Abell 31 katika Kaa hufika nyuzi 76. Abell 33 katika Hidra, ambayo nyota ya mbele imekaa ukingoni mwake kama kito kwenye pete, hufika nyuzi 88, karibu kabisa na utosi. Hizi zimo katika orodha ya nebula 86 ambayo George Abell aliichapisha mwaka 1966, akizichambua kutoka bamba za picha za Palomar, na ni hafifu kwelikweli. Helix na NGC 246 zinafaa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba, kipindi cha matlai, upepo unapolegea kabla ya vuli. Kipindi hicho ni kifupi na hakiaminiki, kwa hiyo kitumie kwa mazoezi na uweke kazi kubwa kwenye kaskazi.

Kuhusu saa, kisiwa chenyewe kina alama zake. Giza kamili la wanajimu huanza Jua linapofika nyuzi 18 chini ya upeo, na nyakati za isha na alfajiri hukadiriwa kwa nyuzi za karibu na hizo. Kwa hiyo adhana ya isha inakuambia kamera inaweza kuanza, na ya alfajiri inakuambia ufunge. Katikati yake una kama saa 9 za giza, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, kipimo hicho hakibadiliki sana mwaka mzima. Kuhusu mwezi, fuata hesabu ya maji. Oksijeni huumizwa na mbalamwezi kuliko hidrojeni, kwa hiyo ipange katika wiki ya mwezi mwandamo. Hizo ni siku za bamvua, ambapo bahari hapa hujaa karibu saa 10 alasiri na kupwa karibu saa 4 usiku. Vuka na mizigo yako kutoka Shimoni, bandari ya upande wa bara, alasiri, maji yakiwa juu, ushuke bila kubeba kamera kwenye matumbawe yaliyo wazi na yenye utelezi. Usiku wa giza ndio pia usiku wa wavuvi wanaotumia taa. Weka darubini mahali ambapo ukuta au jiwe la tumbawe litakukinga na upande wa bahari wenye taa, na kabla ya yote waombe ruhusa wazee wa kijiji, maana mtu anayekaa nje na vyombo hadi alfajiri ni haki ajulikane.

Atakayepinga hoja yangu kuhusu ukubwa wa darubini ana jambo la kusema. Darubini ya milimita 250 hukusanya nuru karibu mara 10 ya ile ya milimita 80, na pikseli zikipangwa vizuri itaifikia nebula hafifu kwa muda mfupi zaidi. Hilo ni kweli palipo na nguzo ya zege, chumba chenye paa la kufunguka na barabara ya gari. Wasini haina magari. Kila kitu huvuka kwa mashua na kubebwa kwa mikono kwenye njia za miguu. Bomba kubwa hushika upepo kama tanga, na picha ya dakika tatu huharibiwa na pigo moja la upepo la sekunde mbili. Na nebula zenyewe ni pana: Abell 31 ina upana wa zaidi ya nusu ya mwezi mpevu, Helix pia, na darubini ndefu yenye sensa ndogo huweza kuzikata. Lenzi ya milimita 70 hadi 90, yenye uwiano wa f/5 au f/6, inazimeza nzima, inaingia kwenye begi, na inatulia. Iache ile kubwa kwa nebula ndogo zenye kung'aa kama NGC 3132, ambazo si mada yetu.

Tatizo kubwa zaidi la kiufundi hapa ni stendi. Stendi ya ikweta hutakiwa kuelekeza mhimili wake kwenye ncha ya anga, na Wasini ncha ya kusini iko nyuzi 4.65 tu juu ya bahari, ndani ya ukungu wa chumvi. Nyota ya Kaskazini haionekani kabisa. Stendi nyingi za viwandani hazishuki chini ya nyuzi 10 au 15, na hata zinazoshuka, fimbo ya uzito hugonga mguu wa tripodi. Kwa hiyo kabla ya kununua, uliza stendi inashuka hadi nyuzi ngapi. Kama haifiki, inamisha tripodi kwa kuweka kabari ya mbao ngumu chini ya mguu ili kupunguza nyuzi zilizozidi, ongeza nguzo fupi kati ya tripodi na stendi, na uzungushe tripodi ili fimbo ipite katikati ya miguu miwili. Hakikisha uzito wote unabaki ndani ya miguu, kisha fungia mfuko wa mawe katikati. Usipoteze muda kuitafuta ncha kwa macho. Programu ya N.I.N.A., ambayo ni ya bure, ina njia ya picha tatu inayokokotoa kosa la mhimili kutoka sehemu yoyote ya anga. Njia ya zamani ya kuangalia nyota inavyoteleza, moja karibu na utosi na nyingine mashariki, nayo haihitaji kuiona ncha. Faida ya Wasini hapa ni ardhi yenyewe: mwamba wa tumbawe hautitii, na tripodi iliyokaa juu yake saa 2 usiku itakuwa palepale saa 10 alfajiri.

Mwenye darubini ndogo inayojiendesha, kama Seestar S50 yenye lenzi ya milimita 50 na filta ya rangi mbili ndani yake, asijione amebaki nyuma. Stendi yake huenda juu na kando, na kwa kawaida hilo huzungusha picha. Karibu na ikweta, kitu kilicho mashariki au magharibi halisi huzunguka polepole sana. Ifuate Abell 31 ikipanda mashariki, pumzika inapokaribia utosi, kisha endelea ikishuka magharibi.

Unyevu ndio adui wa kweli, na hapa usibanie pesa. Usiku wa Januari hewa ya kisiwani huwa na nyuzijoto 25 hivi, na kiwango cha umande kiko chini yake kidogo tu. Lenzi inayotazama anga wazi hupoteza joto kuliko hewa inayoizunguka, na ikishuka nyuzi moja au mbili tayari imelowa. Watu husubiri waone umande ndipo wawashe mkanda wa joto. Uwashe tangu magharibi, kwa nguvu ndogo, na usiuzime. Ongeza kofia ndefu mbele ya lenzi. Usifute lenzi iliyolowa kwa kitambaa, kwa sababu kilicho juu yake si maji matupu bali ni maji yenye chumvi, na chumvi hukwaruza. Iache ikauke kwa joto, uipulizie kwa pampu ya mkono. Asubuhi futa chuma cha stendi na viungo vya nyaya kwa kitambaa chenye maji kidogo ya mvua, kiasi cha kikombe, maana maji baridi kisiwani ni ya thamani. Kisha fungia vyote ndani ya sanduku lisilopitisha hewa, pamoja na vifuko vya silika vilivyokaushwa.

Joto nalo lina deni lake. Mkondo wa giza, unaozaa kelele ya joto ndani ya sensa, huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 6 hivi. Kamera ya kawaida ikifanya kazi kwa nyuzi 30 au zaidi itafunika nebula hafifu kwa madoadoa. Kamera yenye kipoozeo hushuka kama nyuzi 30 chini ya hewa, kwa hiyo iweke kwenye 0 na usiibane zaidi, ili uweze kushika kiwango hichohicho kila usiku na picha zako za giza zilingane. Kioo kilicho mbele ya sensa kikiota barafu, vidonge vya kukaushia ndani ya kamera vimechoka, vibadilishe. Umeme si kikwazo kikubwa kama unavyodhaniwa: kamera, stendi, mikanda na kompyuta ndogo hula kama wati 65 kwa pamoja, yaani karibu wati-saa 600 kwa usiku mzima. Betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100 hutoa hizo na kubaki na nusu, na paneli ya sola ya wati 200 hurudisha kilichotumika kwa siku ya jua. Betri ya risasi ya ukubwa huo huo itafika alfajiri ikiwa nusu, hapohapo inapopaswa kuachwa.

Kuhusu muda wa kila picha, ninashauri dakika 3 badala ya 10. Kamera za sasa zina kelele ndogo sana za usomaji, kwa hiyo picha nyingi fupi zikilimbikizwa hukaribia chache ndefu, na wingu likipita unapoteza dakika 3 tu. Kilicho muhimu ni jumla. Nuru ya nebula huongezeka kadiri ya muda, kelele huongezeka kadiri ya kipeuo cha pili cha muda huo, kwa hiyo ukitaka picha safi mara mbili unahitaji saa mara nne. Medusa hukaa juu ya nyuzi 30 kwa saa 7 na nusu hivi kwa usiku. Ipe masiku mawili au matatu mazuri. Abell 31 inastahili saa 20 au zaidi, na chini ya hapo utapata doa la buluu lisilo na umbo. Watakaokuambia saa 20 kwa picha moja ni wazimu wanafikiria idadi ya picha. Ukitaka picha kumi za msimu mmoja, piga nebula zinazong'aa. Ukitaka iliyo hafifu, chagua moja au mbili na uzimalize. Kila usiku piga pia picha za giza na za mwanga sawa, kwa filta na fokasi ileile, kisha Siril, programu nyingine ya bure, itazilimbikiza zote.

Pingamizi la mwisho ndilo zito zaidi: kuna faida gani kupiga kilichokwisha kupigwa na vioo vya mita 8? Vioo hivyo huona sehemu ndogo sana ya anga kwa wakati, na saa zake hugawanywa kwa dakika. Mwaka 2008 Dave Jurasevich, mpenzi wa anga wa Marekani, aliiona kwenye picha za lenzi ya milimita 160 nebula nyembamba kama povu la sabuni, katika eneo la Cygnus lililopigwa mara zisizohesabika. Mwaka 2022 Yann Sainty, Marcel Drechsler na Xavier Strottner, wapenzi wa anga wa Ufaransa na Ujerumani, walifunua tao kubwa la oksijeni kando ya galaksi ya Andromeda. Lilionekana kwa lenzi ya milimita 106 na zaidi ya saa 100 za kukusanya nuru, mahali palipopigwa picha kuliko karibu popote angani. Silaha yao ilikuwa filta ya oksijeni na muda. Kwa kuwa wapigapicha wengi wanaishi kaskazini, anga la kusini limepata saa chache zaidi za namna hiyo, na Wasini anga hilo hupanda juu ya bahari, mbali na taa za Diani. Ukiona kwenye picha yako duara hafifu lisilo kwenye ramani, lihakiki kwanza kwa usiku mwingine na, ukiweza, kwa kamera nyingine. Halafu lilinganishe na hifadhidata ya HASH ya Chuo Kikuu cha Hong Kong, inayokusanya nebula za sayari zinazojulikana na zinazodhaniwa.

Kabla hujafungasha vifaa msimu ukiisha, andika pembe ya kamera, jina la nyota uliyoilenga katikati, joto la sensa na alama ya fokasi. Weka alama za chaki au rangi kwenye mwamba pale miguu ya tripodi iliposimama. Hifadhi picha zote ghafi, hata zile za usiku wenye mawingu nusu, kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti. Saa 12 za Abell 31 za Februari hii zinaweza kuongezewa nyingine 12 kaskazi ijayo, mradi pembe na joto ni vilevile.